Taa ya Injini Ikiwaka: Namna ya Kupima na Kusafisha Sensa Nyumbani

Taa ya njano yenye mchoro wa injini inapowaka kwenye dashibodi, wengi hukimbilia dukani kununua sensa mpya (vifaa vidogo vinavyopima joto, hewa na mengineyo na kuipasha habari kompyuta ya gari), au humwachia fundi apulizie dawa kila anachokiona chini ya boneti. Njia zote mbili hula hela bure. Sensa ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Mara nyingi inachokisema ni kweli, na ubovu uko kwingine: paipu ya hewa imepasuka, plagi zimechoka, pampu ya mafuta imepungua nguvu. Kwa hiyo hapa tunaanza na kupima, na kusafisha kunakuja pale namba zinapoelekeza huko.

Mifano tumeichukua kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye IST, Vitz, Raum, Fielder, Premio na Allion nyingi zinazotembea Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Injini nyingine za petroli zenye nozeli za umeme hufuata kanuni zilezile, ila vipimo hutofautiana kidogo.

Vifaa

Multimita ya bei ya kawaida inatosha, mradi ipime volti na omu (ukinzani wa umeme). Ongeza bisibisi ya nyota, spana namba 10, kopo la dawa ya sensa ya hewa (limeandikwa MAF), kopo la dawa ya kabureta kwa ajili ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, na vitambaa visivyoacha nyuzi. Fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi inafaa kuliko taulo. Kisha tafuta kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kama ELM327 ya Bluetooth, na programu ya simu kama Torque.

Kuna jambo moja kuhusu ELM327 linalowasumbua sana wenye magari ya Japani. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008 yana soketi ileile ya matundu 16, lakini kompyuta yake haizungumzi lugha ya kimataifa ambayo kifaa hicho kinaitarajia. Simu inabaki inatafuta tu, haiunganishi. Kifaa si kibovu na gari si bovu. Kwa gari la namna hiyo, soma misimbo (namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta) kwa kumulika taa:

1. Zima swichi ya gari. Tafuta soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Ikiwa upande wake mpana uko juu, hesabu kutoka kushoto: safu ya juu ni tundu la 1 hadi la 8, ya chini ni la 9 hadi la 16.
2. Unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande kifupi cha waya. La 13 ni la tano kutoka kushoto kwenye safu ya chini. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa, na ukiligusisha na la 4 unaunguza fyuzi papo hapo.
3. Washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini peke yake. Taa za ABS na eyabegi nazo zitamulika, usizichanganye.

Ikimulika mfululizo kama mara mbili kwa sekunde, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Ikimulika mara tatu, ikapumzika, ikamulika mara moja, huo ni 31, yaani sensa ya hewa. 22 ni joto la maji, 24 ni joto la hewa inayoingia, 41 ni nafasi ya throto, 21 ni oksijeni, 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, na 25 ni hewa nyingi kwa mafuta machache.

Gari linalokubali ELM327 litakupa misimbo inayoanza na P. P0100 hadi P0103 ni sensa ya hewa. P0110 hadi P0113 ni joto la hewa. P0115 hadi P0118 ni joto la maji. P0120 hadi P0123 ni throto. P0130 hadi P0135 ni sensa ya oksijeni ya mbele. P0335 ni sensa ya kranki (shafti kuu ya injini) na P0340 ni ya kemu (shafti inayofungua valvu).

Andika kila msimbo kwenye karatasi kabla ya kuufuta. Kompyuta huhifadhi pia hali ya gari wakati kosa lilipotokea: joto, mwendo, mzunguko wa injini. Ukifuta kwanza, ushahidi huo nao unaondoka.

Usiusome msimbo kama jina la kifaa cha kubadilisha. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Haijasema sensa ya oksijeni imekufa, na kwa kweli sensa hiyo ndiyo iliyogundua tatizo. P0420 inahusu masega (kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi), na watu wamebadilisha sensa za oksijeni mbilimbili bila taa kuzima. P0102 inayotokea siku moja baada ya kubadilisha eya klina karibu kila mara ni soketi ya sensa ya hewa iliyosahaulika bila kuchomekwa.

Macho kwanza

Injini ikiwa ya baridi, fuata paipu ya hewa kutoka boksi la eya klina hadi kwenye throto. Ikunje kwa mkono, maana nyufa hujificha kwenye mikunjo na hazionekani mpaka mpira uvutwe. Kagua vipaipu vidogo vya vakyumu, hasa kwenye ncha zake, ambako mpira hukakamaa na kulegea. Kisha kagua soketi za sensa. Gari lililooshwa injini kwa maji ya presha kwenye kaosha likaanza kusumbua siku ileile lina maji kwenye soketi. Chomoa, puliza dawa ya viunganishi, acha ikauke. Ukikuta ukijani kwenye pini, hiyo ni kutu ya shaba, nayo peke yake inatosha kupotosha usomaji.

Kuchomoa soketi kuna namna yake. Plastiki ya gari la miaka 20 imekauka kama kuni. Sukuma soketi ndani kwanza kidogo, ili kilango chake (kibanio cha plastiki) kisibanwe, ndipo ubonyeze kilango na kuvuta kwa kushika plastiki yenyewe. Ukivuta waya, utaukata ndani ya ganda lake, mahali ambapo hutauona.

Kipimo cha asubuhi

Hiki hakigharimu kitu na kinafichua mengi. Gari likishalala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yote mawili yanapaswa kukaribiana na joto la hewa ya nje, tofauti isizidi nyuzi chache. Mombasa asubuhi utatarajia kama nyuzi 26 hadi 28. Moja ikisoma 27 na nyingine 55, umeshampata mkosaji.

Ukisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, injini haijaganda. Kompyuta inaona waya uliokatika au soketi iliyochomoka. Nyuzi 140 injini ikiwa ya baridi ina maana ya nyaya mbili kugusana, au sensa iliyoungana ndani. Hili linakupa njia ya kutenganisha sensa na wayaringi: chomoa soketi ya sensa ya joto la maji, usomaji uende chini hadi karibu na -40, kisha unganisha matundu mawili ya soketi kwa waya mwembamba, usomaji upande hadi juu kabisa. Usomaji ukifanya yote mawili, wayaringi na kontroli boksi (kompyuta ya gari) ni vizima, na sensa ndiyo yenye lawama. Usomaji usipobadilika, acha sensa ilivyo, ufuate waya.

Sensa ya maji yenyewe inapimika kwa multimita. Kwa Toyota nyingi za kizazi hiki, inasoma kati ya omu 2,320 na 2,590 kwa nyuzi 20, na karibu omu 320 kwa nyuzi 80. Kwa nyuzi 30 utegemee kama omu 1,650. Hakuna dawa ya kuisafisha iwe sahihi. Ikiwa imekosea, inabadilishwa, kwa soketi ndefu namba 19 na gasketi mpya, injini ikiwa imepoa kabisa na mfuniko wa rejeta umeshafunguliwa ili presha itoke.

Marekebisho ya mafuta, pale siri ilipo

Kama una kifaa cha kusomea, hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kompyuta ina hesabu yake ya msingi ya mafuta, kisha sensa ya oksijeni inaiambia kama imezidisha au imepunguza. Marekebisho hayo huonekana kwa asilimia: ya muda mfupi yameandikwa STFT, ya muda mrefu LTFT. Yajumlishe. Jumla ikiwa kati ya -10 na +10, injini iko sawa. Ikizidi +10, kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu kuna hewa isiyoitambua, au mafuta hayafiki ya kutosha. Ikishuka chini ya -10, mafuta yamezidi.

Sasa soma mara mbili, injini ikiwa ya moto: kwanza kwenye sailensi, bila kukanyaga mafuta, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika.

Jumla ikiwa, tuseme, +22 kwenye sailensi halafu ikashuka hadi +5 kwenye 2,500, kuna hewa ya wizi. Kwenye sailensi throto imefunga, hewa halali ni kidogo, hivyo ile inayoingilia kwenye ufa ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya ufa haina uzito tena. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya kawaida, nyunyiza kidogokidogo kwenye maungio ya vakyumu na gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Pale sauti ya injini inapobadilika ndipo penye ufa. Wengi hutumia petroli au dawa ya kabureta kwa kazi hii. Hatuishauri, kwa sababu manifoldi ya ekzosi iko pale pale na inawasha moto.

Mambo yakiwa kinyume, yaani sailensi ni nzuri lakini asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, basi sensa ya hewa inasoma pungufu au mafuta hayatoshi. Tazama gramu za hewa kwa sekunde. Injini ya lita 1.5 iliyo moto, kiyoyozi kimezimwa, husoma takribani gramu 1.5 hadi 2.5 kwenye sailensi. Kwenye 2,500 bila mzigo, kati ya 3.5 na 9. Ikisoma pungufu ya hapo, sensa ya hewa ni chafu. Ikiwa gramu ni za kawaida na asilimia bado inapanda, angalia pampu na chujio la mafuta kabla hujafungua kopo la dawa.

Kama huna kifaa cha kusomea, zima injini, chomoa soketi ya sensa ya hewa, uwashe tena. Kompyuta itakadiria hewa kwa kutumia throto na mzunguko. Gari likitulia kuliko lilivyokuwa, sensa ina shaka. Utakuwa umeweka msimbo mpya wa kufuta baadaye.

Kusafisha sensa ya hewa

Hii ndiyo sensa inayostahili kusafishwa kuliko zote. Ndani yake kuna uzi wa platini unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio kipimo cha hewa. Vumbi likiuganda, unakuwa kama umevikwa blanketi. Chanzo kikubwa huku kwetu ni eya klina ya karatasi iliyopulizwa kwa upepo wa kompresa mara tano au sita mpaka ikatoboka, kisha ikarudishwa ikionekana safi. Chanzo kingine ni eya klina za kupaka mafuta, zikipakwa kupita kiasi.

Zima swichi na usubiri dakika 10, ili uzi upoe. Chomoa soketi. Kwenye 1NZ sensa imekaa kwenye mfuniko wa boksi la eya klina, imeshikwa na skrubu mbili za nyota. Bonyeza bisibisi kwa nguvu kabla ya kuzungusha, maana vichwa vya skrubu hizi huliwa haraka. Inyanyue wima bila kuipindua, na uangalie ringi ya mpira isibaki kwenye tundu.

Igeuze uitazame kwenye mwanga. Nje kunaning'inia kipande kidogo kama punje ya ulezi: hiyo ni sensa ya joto la hewa. Ndani ya kidirisha kuna vipande viwili vyembamba, vimeshikwa na miguu laini ya chuma. Vikiwa safi vinang'aa. Vikiwa vichafu vina manyoya ya kijivu au ngozi ya kahawia.

Puliza dawa ya MAF kutoka umbali wa sentimita 10 hivi, mipulizo mifupi 10 hadi 15, sensa ikiwa imeinamishwa ili uchafu udondoke badala ya kurudi ndani. Puliza na punje ya nje pia. Usiguse kitu chochote ndani yake, iwe kijiti cha masikio, brashi au kidole. Miguu ile hukatika kwa mguso tu. Usitumie kompresa. Usitumie dawa ya breki wala ya kabureta, kwa kuwa nyingine hula plastiki na gundi, na nyingine huacha utando unaoharibu usomaji kuliko vumbi lenyewe. Spiriti ya dukani ina maji na rangi, nayo haifai. Ukikosa dawa ya MAF, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 inaweza kuokoa siku.

Iache ikauke yenyewe kwa saa nzima. Wakati huo pangusa ndani ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu na weka eya klina mpya. Kusafisha sensa na kurudisha eya klina iliyotoboka ni kazi itakayodumu wiki mbili tu. Rudisha sensa, mshale wa mwelekeo wa hewa ukielekea kwenye injini, kaza skrubu kwa vidole vya mkono mmoja.

Throto

Sensa ya throto haisafishwi, lakini mlango wake unasafishwa, na sailensi isiyotulia mara nyingi inatoka hapo. Vua paipu ya hewa uangalie: duara jeusi la masizi kuzunguka ukingo wa mlango ndilo linalobana hewa. Pulizia dawa ya kabureta kwenye kitambaa, usipulizie throto moja kwa moja, ili dawa isiingie kwenye shafti na mota. Throto ya kebo unaweza kuifungua kwa mkono. Ile ya umeme ifanye betri ikiwa imetolewa waya wa hasi, na mlango usukumwe taratibu. Swichi ikiwa imewashwa, meno ya plastiki ya throto yanaweza kuvunjika na vidole vikabanwa.

Baada ya hapo kompyuta bado inakumbuka uchafu wa zamani, hivyo sailensi inaweza kuwa juu. Acha waya wa hasi nje kwa dakika kadhaa (kama redio ina namba ya siri, hakikisha unayo), rudisha, washa injini bila kukanyaga, iache mpaka feni ya rejeta iwake mara mbili, kisha washa kiyoyozi kwa dakika 5. Kwa 1NZ yenye gia ya otomatiki, mizunguko 600 hadi 750 ikiwa moto ni sawa.

Sensa nyingine kwa ufupi

Magari yenye sensa ya mgandamizo badala ya sensa ya hewa, kama Toyota za zamani zenye 5A-FE, yanapimwa swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa: inapaswa kusoma mgandamizo wa hewa ya mahali ulipo. Pwani ni karibu kilopaskali 101, Arusha kama 86, Nairobi 82 hadi 84. Mtu wa Nairobi akiona 83 asidhani imekufa. Tundu lake likiwa na mafuta, mipulizo miwili mitatu ya dawa ya MAF inatosha.

Sensa ya oksijeni usiisafishe. Kuiloweka kwenye petroli au kuichoma kwa gesi ni mchezo unaoua ile iliyobaki nzima. Ipime tu: injini moto, mizunguko 2,500, volti za ile ya mbele zipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 angalau mara nane ndani ya sekunde 10. Ikibaki palepale, kwanza hakikisha ekzosi haivuji kabla yake. Hita yake inapimika kwenye nyaya mbili za rangi moja. Kwa zile za Denso ni nyeusi mbili, na omu 11 hadi 16 ikiwa baridi ni nzuri.

Sensa za kranki na kemu zenye nyaya mbili ni sumaku na koili. Ncha hukusanya unga wa chuma. Ipanguse kwa kitambaa, paka tone la mafuta ya injini kwenye ringi ya mpira, rudisha. Omu chini ya 800 au juu ya 3,300 zinatia shaka, na isiyosoma kabisa imekatika. Nyingine hukatika ikiwa moto tu: gari linazima njiani, linapoa nusu saa, linawaka. Ipime papo hapo lilipozimika, kabla haijapoa.

Ukilazimika kununua iliyotumika, linganisha namba iliyochapwa kwenye mwili wake. Za Toyota, sensa ya hewa huanza na 22204, ya joto la maji 89422, ya oksijeni 89465. Tarakimu zinazofuata nazo lazima zilingane, maana sensa mbili zinaweza kufanana kwa umbo na soketi zikasoma tofauti kabisa.

Futa misimbo kwa kifaa, au kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa zaidi ya dakika moja. Tembea kilomita 50 hivi, mjini na barabara kuu, kisha soma upya STFT na LTFT kwenye sailensi na kwenye 2,500. LTFT hushuka polepole, kwa hiyo usihukumu siku ileile. Ikiwa baada ya siku tatu bado iko juu ya +10 na sensa ya hewa inasoma gramu za kawaida, peleka gari likapimwe presha ya mafuta.